Marehemu Aliyekataa Kufa

Mtaani kwetu kaka yangu anaitwa Marehemu, na akiitwa anaitika. Kazi yake hasa ni makochi: anavua kitambaa kilichochakaa, anakata sponji, anapigilia, na kochi linarudi kwa mwenyewe likiwa jipya. Huo umarehemu ulianza siku watu wa filamu kutoka ng'ambo walipokuja karakanani kwake kukodi viti. Mmoja wao alimwona akijirusha chali juu ya lundo la sponji ili apumzishe mgongo, akamuuliza kama anaweza kuanguka vivyo hivyo akiwa amepigwa risasi. Akaanguka. Tangu hapo, wageni wakija kupiga filamu, anayetafutwa ni yeye.

Basi kaka yangu ameshakufa vifo vyote. Amekufa mlinzi getini, amekufa dereva, amekufa mpagazi aliyetangulizwa kwenye daraja bovu. Siku zote anakufa mapema, watazamaji hawajatulia hata vitini, ili mzungu shujaa wa filamu apate sababu ya kukasirika. Wakimhurumia sana wanampa neno la kusema: "Ndiyo, bosi." Mtaani tulicheka mpaka mbavu zikauma.

Mama ndiye hakucheka. Filamu hizo zikionyeshwa kwenye runinga alikaa nasi, mikono mapajani, na kaka yangu akianguka tu, yeye huyo jikoni. Tukimfuata tunamkuta anasugua sufuria iliyo safi.

"Mama, si niko hapa? Nishike basi," Marehemu anamwambia.

"Najua uko hapa. Lakini mimi nilikuzaa mara moja, mwanangu. Hawa wanakuua kila wakija."

Mwaka ambao miguu ya Mama ilianza kuvimba, alimwomba jambo moja: kabla hajafumba macho, amwone mwanawe anafika mwisho wa filamu akiwa hai. Hata asiposema kitu. Akae tu kwenye kiti, anywe chai, filamu iishe. Kaka yangu akaahidi. Nilimkanyaga mguu asiahidi, maana wale nawajua, lakini alishasema.

Wageni wakaja tena, safari hii na nafasi nono: mpishi wa familia ya kizungu, atakayeonekana karibu filamu nzima. Marehemu akarudi na kurasa zake, anacheka peke yake. Tulizisoma pamoja karakanani, mimi nimekaa juu ya kochi lisilo na miguu. Mpishi anapika, mpishi anamwimbia mtoto wa tajiri wake. Karibu na mwisho nyumba inashika moto, mpishi anaingia, mtoto anatoka salama, mpishi hatoki. Kaka yangu akaanza kuokota misumari sakafuni.

Kesho yake nilimsindikiza. Walikuwa wameshamvalisha aproni. Alimfuata mwongozaji wa filamu chini ya mwavuli wake, akamwomba kwa adabu zote: mpishi aungue mkono, aungue hata uso, lakini atoke.

Mwongozaji, mtu mpole tu, akamwekea mkono begani. "Akitoka, watu watalia nini? Kifo chake ndicho kinachogusa."

"Kinamgusa nani?"

"Watazamaji."

"Mama yangu naye ni mtazamaji," kaka yangu akasema.

Yule bwana akatabasamu, akasema wapishi wako wengi. Kaka yangu akavua aproni, akaikunja vizuri, akamkabidhi. Njiani nilitaka kumtania nikashindwa. Nilimwonea fahari.

Filamu ilipotoka tuliitazama bila wasiwasi. Marehemu alikaa ubavuni mwa Mama, anammenyea chungwa. Mpishi alikuwa mtu mwingine, mwembamba, mwenye mwanya, fundi rangi wa upande wa pili wa reli. Akapika, akaimba. Moto ukawaka, akaingia, mtoto akatoka. Mama hakwenda jikoni. Alilia palepale, machozi mpaka kidevuni.

"Mama, yule si mimi! Mimi huyu hapa!"

"Nimekuona. Na yule ni mtoto wa nani?"

Mama akajifuta kwa mtandio. "Mtafute. Mlete nimwone."

Jumapili Marehemu akaja naye. Fundi rangi alisimama mlangoni na shati lililopigwa pasi, hajui ameitiwa nini. Mama akaomba ainuliwe. Akamshika mikono, akaigeuza juu chini, akampapasa mashavu na masikio, hana haraka, na yule bwana akatulia tuli.

"Mama yako ameiona?" akamuuliza.

Fundi rangi akainamisha kichwa. "Bado, Mama. Namdanganya kwamba haijatoka."

Mama hakumwachia mikono.

"Siku atakayoiona mniite," akasema. "Nitakuja nikae naye, hata kwa kubebwa."