Saulo Aliyempa Mungu Sifuri

Mwaka wa hamsini na tatu, mvua ilipogoma kwetu upande wa Kalenga, lawama hazikuyaangukia mawingu. Zilimwangukia Saulo.

Saulo alikuwa kijana mpole wa misheni, mwenye shati moja la Jumapili na mwandiko mzuri. Bwana Shamba alimpa kazi ya kutunza kipimo cha mvua, kopo la shaba lililofukiwa nusu uwanjani kwa kanisa, juu lina faneli, ndani lina chupa. Kila siku saa tatu asubuhi alichungulia, akaandika daftarini pointi za mvua, mia moja kwa kila inchi. Tangu Novemba mpaka kukaribia Krismasi aliandika sifuri. Zilikuwa sifuri za duara, safi kabisa, na nadhani uzuri wake ndio uliowaudhi watu.

Alikuwa amemposa dada yangu Matilda. Matangazo mawili ya ndoa yalishasomwa kanisani, likabaki la tatu. Ndipo baba yetu, Mzee Kalinga, aliyekuwa mzee wa kanisa, akamwita nyumbani.

"Kamwene, Saulo."

"Kamwene, baba."

"Sisi tunaomba mvua kila asubuhi. Wewe ukitoka kwenye maombi unakwenda kumpa Mungu sifuri, kama mwalimu na mtoto mzito wa kusoma. Ndiyo adabu hiyo?"

"Baba, simwandikii Mungu. Namwandikia Bwana Shamba."

"Bwana Shamba ndiye anayeleta mvua?"

"Hapana, baba."

"Sasa ripoti inakwendaje kwake?"

Swali hilo, mimi mpaka leo sijalipatia jibu.

"Andika hata pointi moja, ya kuanzia tu," baba akamsihi. "Mungu aone tuna imani."

"Ikinyesha nitaandika."

"Hainyeshi kwa sababu hujaandika!"

Baba akazuia tangazo la tatu. Akasema binti yake haolewi mpaka kipimo kiwe na maji. Hakuna aliyemtetea Saulo, maana hata ulanzi, pombe yetu, ulikuwa umekauka mianzini na wanaume wote walikuwa wakali.

Jumapili iliyofuata mchungaji aliomba mvua mpaka sauti ikamkauka. Saulo alikuwa ameambiwa asichungulie hadi ibada iishe, ili tukashuhudie wote. Tukatoka kwa foleni, wazee mbele, jua kali, watu wamejikinga kwa vitabu vya nyimbo. Saulo akafungua kopo. Chupa ilikuwa imejaa mpaka shingoni.

Vigelegele vikapigwa. Baba akavua kofia.

"Andika! Na tangazo la tatu lisomwe hapa hapa!"

Saulo hakuandika. Alitazama chini. Vumbi halikuwa na alama ya tone hata moja. Lilikuwa na nyayo nyembamba, za kuja na za kurudi. Mimi nilisimama karibu, nikazijua. Yeye pia alizijua, maana alizifuta polepole kwa kiatu, kama mtu anayejikuna mguu. Kisha akasema:

"Hii siyo mvua. Ni maji yamemiminwa."

"Nani kamimina?" baba akauliza.

Bibi Evarista, jirani yetu, akamnong'oneza Saulo kwa sauti iliyofika barabarani, "Andika, mjukuu wangu, uoe!"

"Matilda namtaka kuliko kitu chochote," Saulo akasema, machozi yanamlengalenga. "Lakini siyo mvua." Akaandika sifuri.

Matilda akajitokeza katikati ya watu. "Ni mimi, baba. Nilichota mtungini."

"Umethubutu kumdanganya Mungu, tena kanisani kwake!"

"Mungu sikumdanganya. Yeye si anajua hakunyesha? Nilitaka kukudanganya wewe."

Mchungaji akashikwa na kikohozi. Baba akakaa kwenye ngazi ya kanisa, kofia magotini, akawaza mpaka watoto wakaanza kulia njaa. Mwishowe akainuka.

"Kijana anakataa mke kwa ajili ya sifuri," akasema. "Huyu siku akiandika mvua, mimi nitakwenda kupanda bila kuchungulia nje." Akamgeukia mchungaji. "Soma la tatu."

Mvua ilikuja Jumanne, pointi arobaini na mbili. Wazee wakamtaka Saulo aandike kuwa ni ya maombi ya Jumapili. Wanawake wakasema ni ya maombi yao ya Jumatatu. Akawafunulia daftari: kuna sehemu ya kiasi, hakuna sehemu ya aliyeomba.

"Hapo mimi nashukuru tu," akasema, "siandiki." Mimi naamini Mungu alisikia. Alimsikia nani, sikuuliza.

Siku ya harusi, mchungaji alipomuuliza kama atampenda Matilda maisha yake yote, Saulo alinyamaza. Kanisa zima tukabana pumzi, maana tulimjua, hasemi jambo ambalo hajalipima. Baba akaanza kutokwa jasho.

"Ndiyo," Saulo akasema hatimaye, "kwa msaada wa Mungu."

Mama akapiga kigelegele kirefu mno, hata jibu la Matilda hakuna aliyelisikia.