Salamu Iliyoandikwa Mara Moja

Mpwa wangu, binti wa dada yangu, hutengeneza tovuti za mahoteli. Majuzi nilimkuta nyumbani kwake, mtaa wa Barani hapa Malindi, akiwa kazini, nikamwomba anionyeshe anachofanya. Alinifungulia kwanza ukurasa wa zamani ulioandikwa na mtu mwingine. Ulikuwa umejaa amri za kompyuta zilizochanganyika na maneno ya kawaida, hata usijue pa kuanza kusoma. Kisha akanifungulia wake. Maneno yalikuwa wazi, na pale palipotakiwa jina la mgeni au bei ya chumba palikuwa na alama fupi tu. Alama hizo huziita tagi, akasema, na kazi ya kila tagi imeandikwa mara moja, mahali pa pembeni, katika kile wanachokiita maktaba ya tagi. Seva, yaani kompyuta kuu inayoitunza tovuti, ikikutana na tagi inajua la kufanya, kisha inampelekea mteja ukurasa uliokamilika.

"Umenielewa, mama mdogo?"

"Nimekuelewa."

Nilimwelewa kuliko alivyodhani. Jambo lile nililiona kabla yeye hajazaliwa, miaka ya themanini, bila tovuti wala seva, na aliyelifanya hakuwa mimi.

Wakati huo nilikuwa mpiga taipu katika hoteli moja ya ufuoni hapa Malindi. Nilikuwa nimetoka kwetu Kakuyuni na cheti cha taipu, na vidole vyangu vilikuwa vyepesi, nasema bila haya. Hoteli iliponunua kompyuta yake ya kwanza, fundi alikuja nayo kutoka Nairobi, akakaa nasi siku chache, akanifundisha mimi peke yangu. Wengine waliogopa hata kuifuta vumbi.

Kazi ya kompyuta ile ilikuwa kuandika karatasi za wageni: ya kuthibitisha nafasi, ya makaribisho inayowekwa chumbani, ya safari za Gede na Watamu, na ya kuaga. Zamani nilikuwa nikizipiga moja moja. Sasa majina ya wageni yalikaa kwenye diski, na mashine iliyajaza yenyewe. Lakini ilibidi ielezwe kila kitu kwa amri. Kama mgeni ni Mjerumani, andika hivi; kama ni Mtaliano, andika vile; kama ni mwanamke, badilisha hapa. Amri hizo, kila moja ikianza na nukta, zilikaa katikati ya maneno ya barua, katika kila karatasi, upya. Saa ya chakula cha jioni ikibadilika, nilipita karatasi zote, lugha zote, nikitafuta kila mahali palipotajwa chakula.

Ilikuwa kazi ya kuumiza macho, nami niliipenda. Niliipenda kwa kuwa hakuna mwingine aliyeiweza. Meneja, mtu mzima wa mji wa kale, mwenye Kiswahili kilichonyooka na kanzu nyeupe kila Ijumaa, alikuwa akisimama mlangoni pangu na kuuliza, "Mwanangu, tufanyeje?" Meneja mzima, ananiuliza mimi tufanyeje. Nilitembea kwenye korido zile kama mwenye hoteli.

Ndipo akaletwa msichana kutoka bara, upande wa Nyeri, kufanya kazi mapokezi. Alikuwa mdogo kwangu kwa miaka michache, mwembamba, hana makuu. Kiswahili chake kilituchekesha. Aliniamkia "shikamoo, dada" kila asubuhi, hata baada ya kumwambia kwamba umri wetu haukuachana hivyo. Mapokezi kukiwa kimya alikuja kusimama nyuma ya kiti changu.

"Dada, hii maneno ya nukta ni ya nini?"

"Ni amri."

"Na mbona umeandika kitu moja mara nyingi hivyo?"

"Ndivyo inavyoandikwa," nilimjibu, nami sikugeuka. Swali lake lilinikera siku nzima.

Mwaka huo, msimu wa Krismasi ulipokaribia, mamangu alianguka akavunjika mkono. Hakuwa na mtu wa kumtekea maji wala kumsongea sima. Nilimwomba meneja ruhusa, akanipa, ila alishika kichwa. "Na karatasi za wageni?" akauliza. Nilimwonyesha msichana wa mapokezi jinsi ya kuwasha mashine na kuchapa zilizokwisha kuwa tayari. Zaidi ya hapo sikumwonyesha, kwa sababu muda haukuwepo, na pia kwa sababu nilijua hataweza.

Basi nikaenda Kakuyuni, na huko nikaanza kulisubiri gari la hoteli. Ndivyo ilivyokuwa. Nilikuwa na hakika kwamba ndege za wageni zikishatua mambo yatawashinda, na meneja atamtuma dereva anifuate. Hata maneno ya kumjibu dereva niliyapanga: kwanza nitakataa kidogo, kwa ajili ya mama, kisha nitakubali. Nikichota maji, sikio liko barabarani. Nikipeta mchele, nainua kichwa.

"Wamngoja nani?" mama akaniuliza siku moja. Alikuwa amekaa kwenye mkeka, mkono umefungwa kifuani.

"Simngoji mtu."

"Kila gari lipitapo wasimama. Kama ni mchumba, mwambie aje tu, mimi sina neno."

Nilicheka, lakini moyoni nilisononeka. Juma lilipita, na nusu ya la pili. Gari halikuja. Dada yangu alipofika kutoka Magarini kunipokea, nilirudi Malindi huku nikijiambia kwamba labda dereva alipotea njia.

Hoteli ilikuwa imejaa. Nilipita mapokezi, nikaona karatasi za makaribisho zimepangwa vizuri, Kijerumani, Kiingereza, Kitaliano. Nikaingia ofisini kwangu. Kiti changu kilikuwa kimeinuliwa juu kidogo. Msichana wa mapokezi alikuwa mfupi. Nikawasha mashine, nikafungua karatasi ya makaribisho niliyoijua kama uso wangu.

Haikuwepo. Yaani jina lilikuwa lilelile, lakini ndani mlikuwa na mistari michache tu, safi, ambayo hata mpishi angeisoma. Pale palipokuwa na msitu wangu wa amri, paliandikwa neno moja: salamu. Chini kidogo, chakula. Mwishoni, kwaheri. Nikafungua karatasi ya safari, mambo yaleyale. Amri zote alikuwa amezihamisha, akaziweka kando kila moja chini ya jina lake, na kila karatasi ilikuwa ikiziita tu.

Nilikaa pale mikono mapajani. Kama kazi ingekuwa mbovu ningepiga kelele nikapona. Lakini ilikuwa nzuri. Ilikuwa nzuri kwa namna ambayo mimi, niliyeshinda mbele ya mashine ile miezi na miezi, ningepaswa kuiona, na sikuiona. Nilimwonea wivu.

Alipoingia na shikamoo yake sikuiitikia.

"Nani amekuruhusu kugusa kurasa zangu?"

Alishtuka. "Dada, nilishindwa. Saa ya chakula ilibadilishwa, nikatafuta pahali pa kubadilisha, nikakuta ni pengi, nikakosea, karatasi zikatoka mbaya. Sikuweza kuelewa yako. Ndio nikatengeneza yenye naweza kuelewa."

"Ungenitumia dereva!"

"Meneja alitaka kutuma. Nikamwambia wacha dada akae na mama yake."

Jibu hilo liliniumiza zaidi. Kumbe gari lilikuwa lije, na wema wake ndio uliolizuia.

Kuanzia hapo nilitafuta kosa. Nilisoma kila karatasi iliyotoka, mstari kwa mstari, kama mkaguzi. Na nikalipata. Asubuhi moja, kabla ya kundi jipya la Wajerumani kuwasili, karatasi za makaribisho zilikuwa mezani, na juu ya jina la bibi mmoja mzee, mgeni wetu wa kila mwaka, palikuwa pameandikwa salamu ya mwanamume. Nikapekua nyingine. Wanawake wote walikuwa wameamkiwa kama wanaume. Katika kurahisisha kwake alikuwa ameiacha ile amri ya mwanamke, na hadi siku hiyo haikuonekana kwa kuwa nafasi zilikuwa zimewekwa kwa majina ya waume.

Sikumwendea yeye. Nilibeba karatasi hadi kwa meneja, nikazitandaza mbele yake. "Tazama, Bwana Meneja. Hii ndiyo kazi ya mkato. Bibi huyu anaitwa bwana. Na zote ziko hivyo!"

Uso wa meneja ulibadilika. Akamwita msichana, tukaingia ofisini wote watatu. Nilisimama nimekunja mikono. Nilikuwa tayari kuambiwa nikae kitini, nizirudishe kurasa zangu, nami nilikuwa na furaha mbaya, furaha ya kumwona mtu akianguka.

Msichana alisoma. "Ni kweli. Nimekosea," akasema. Akakaa, akafungua ile inayoitwa salamu, akaongeza mistari miwili, akaanza kuchapa. Printa ikalia. Karatasi ya makaribisho ikatoka sawa. Akachapa ya safari, ikatoka sawa. Ya kuaga, sawa. Ya Kitaliano, sawa. Na hizo nyingine hakuzigusa hata kidogo.

Meneja alizishika moja moja. "Kumbe ukitibu mahali pamoja, zote zapona?"

"Ndiyo, mzee."

"Subhanallah!" Akacheka, akampiga begani. "Mwanangu, hii ni akili."

Mimi niliyeliona kosa nilisahaulika pale pale. Nilikuwa nimemletea ili aanguke nalo, akalipandia kama ngazi. Nilitoka nikaenda kusimama nyuma ya jiko, karibu na makaa, nikasingizia moshi kwa machozi yangu.

Mwaka uliofuata wenye hoteli walimhamishia Mombasa, kwenye hoteli yao kubwa, akafanye huko alichofanya kwetu. Wiki yake ya mwisho alinikuta nikikusanya vitu vyangu jioni.

"Dada, nikufundishe kutengeneza mpya? Ni rahisi."

Urahisi ule ndio nilioshindwa kuusamehe. Nilitaka kusema sina haja. Nikasema, "Haya, nionyeshe." Tukakaa, kiti chake na changu, na kwa mara ya kwanza nikamuuliza swali mimi. Alinijibu polepole, bila kujivuna, na hilo pia nilimwonea wivu.

Baada ya kuondoka kwake walianza kuja Wafaransa. Nilitengeneza salamu ya Kifaransa peke yangu, pamoja na ya wake kwa waume, na ya wanandoa, ambayo yeye hakuwahi kuifikiria. Nilichapa karatasi zote nne, zikatoka safi. Nikatazama huku na huku. Dereva alikuwa akisinzia. Meneja aliziona akasema ahsante, kama mtu aliyeletewa chai. Hapakuwa na mtu hotelini wa kujua kilichokuwa kizuri pale.

Nikapiga simu Mombasa. Nilimsubiri hadi akaitwa.

"Nimetengeneza ya wanandoa," nikamwambia, bila hata hujambo.

"Ya wanandoa? Umefanyaje?"

Nikamweleza. Nikasikia kalamu yake ikiandika. Kisha akasema, "Hiyo sikuwa nimefikiria. Hiyo ni nzuri, dada. Naweza kuitumia hapa?"

"Itumie."

Akanishukuru, kisha akaniambia amepewa ofisi yake mwenyewe, na wasichana wawili wa kumsaidia, na mwezi ujao anapelekwa Nairobi kusomea zaidi. Nilimpa hongera. Nusu ya hongera ile ilikuwa ya kweli. Nilirudisha simu mahali pake, nikabaki nimeishika muda mrefu.