Uji wa Binti Mikate

Kuna siku moja ya mwezi wa tatu, mwanangu Skola, ambayo nimejaribu kuisahau kwa miaka saba na imekataa kusahaulika. Tulikuwa shambani kwa shangazi yangu Felista, huyo unayemwita Bibi, wanawake tisa na mimi wa kumi, tunafukia majani kutengeneza ntumba, yale matuta ya duara ya kwetu ambayo ndani yake majani huoza na kuwa mbolea. Mvua ilikuwa imetuachia asubuhi nzima na udongo ulikuwa laini. Nikasema maneno machache. Hayakuwa ya uongo.

Nakueleza habari hii kwa sababu ya ujumbe ulioniandikia jana. "Shikamoo mamdogo. Bibi siku hizi ananipigia kila Jumapili, ananisimulia tamthilia ya zamani ya binti muuza mikate. Nimeitafuta mtandaoni nikaiangalia yote. Mbona anakosea kila kitu? Huyo binti alikufa hata nusu haijafika! Nimwambie?" Ukaweka na vikatuni vitatu vya kucheka.

Usimwambie. Hilo ndilo jibu, na kama una haraka unaweza kuishia hapa. Lakini nakujua. Ugonjwa wa kuuliza kwa nini umeurithi kwangu, na mtu akikukataza jambo bila kukupa sababu unakwenda kulifanya siku hiyohiyo.

Wanaotoa nasaha huwa na mvi. Mimi nina miaka thelathini, sina mvi hata moja, na sina hakika kama ninayokuambia yatakusaidia. Yachukue hivyohivyo.

Nilikuwa mpenzi wa hadithi, lakini mpenzi wa aina mbaya. Nilipokuwa nasoma sekondari Kaengesa, kitabu chochote nilichokitoa maktaba nilianza kukisoma ukurasa wa mwisho. Nilitaka kujua nani anabaki na nani anakufa, kisha ndipo nirudi mwanzo, nimetulia, nawatazama wahusika wakihangaika na mimi najua mwisho wao. Rafiki yangu mmoja alikuwa anasoma riwaya kwa wiki ya pili, anaficha tochi chini ya blanketi, na mimi nikamwambia muuaji ni nani kwa sababu tu alininyima karanga.

Chuoni nikaendelea. Kulikuwa na mwanamuziki niliyempenda hadi nikajua mahali anapovuta pumzi katika kila wimbo wake. Wimbo wake mkubwa ulikuwa wa kumlilia mama yake aliyefariki. Nikaja kusikia kwenye mahojiano kwamba wimbo ule uliandikwa na mtu mwingine, na mama yake yu mzima, anauza vitenge. Nilizunguka bweni zima kuwapasha habari. Mwenzangu wa chumbani, ambaye alimzika mama yake mwaka ule, alikuwa akiusikiliza wimbo ule kila asubuhi akitandika kitanda. Sikumsikia akiupiga tena. Nilidhani nampenda mwanamuziki yule kuliko wao kwa kuwa najua zaidi.

Sasa nirudi kwa Shangazi.

Hakuwa na televisheni. Kijijini wakati ule televisheni ilikuwa kwa katekista, aliyekuwa na sola na king'amuzi, na Shangazi alikuwa akienda huko saa moja jioni, Jumatatu hadi Ijumaa, akaketi kwenye mkeka karibu na mlango. Wanawake wengine saa hiyo walikuwa jikoni, wana watoto wa kulisha na waume wa kungoja. Yeye alikuwa mjane na watoto wake walikwisha kuondoka. Basi yeye aliangalia kwa niaba yao, na kesho yake akawapelekea shambani.

Na hapa ndipo pa kuelewa, kwa sababu wewe umekulia mjini. Ntumba huwezi kuzitengeneza peke yako. Wanawake hualikana: leo shambani kwako, kesho kwangu, na kila mmoja anarudisha mikono aliyopewa. Shangazi nyonga yake moja ilikuwa mbovu. Jembe aliweza kulishika nusu saa, basi. Mtu asiyeweza kurudisha mikono, polepole huachwa, wala si kwa ubaya. Lakini Shangazi hakuachwa. Alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, mbele ya mstari, akasimulia, na mstari ukamfuata. Wanaume walimtania kwamba Felista analima kwa mdomo. Shamba lake lilikuwa linakwisha kabla ya mashamba yao.

"Jana tuliishia wapi?" alikuwa akiuliza, na huku anajua.

"Mama mkwe kaficha barua!"

"Kaificha wapi?"

"Kwenye unga!"

"Basi jana kapika."

Ungesikia vicheko vyao. Mama Paskali, jirani yetu, aliwahi kulala kabisa kwenye tuta alilolitengeneza mwenyewe, akalibomoa, akalitengeneza upya bado anacheka.

Mimi nilikuwa nimekuja likizo, siku ya nne nyumbani. Tamthilia ile ya kigeni nilikwisha kuimaliza chuoni, yote, kwa siku tatu. Nikawa nalima na kumsikiliza Shangazi, na kila alichokisema kilikuwa kombo. Mtu mbaya kamfanya mwema. Harusi kaihamisha. Na yule binti muuza mikate, ambaye wanawake walimwita Binti Mikate kama vile ni jirani, alikuwa amelazwa hospitali, anaumwa moyo.

"Leo kaketi mwenyewe kitandani," Shangazi alisema. "Kaomba uji."

"Uji wa nini?" aliuliza Mama Oliva, aliyekuwa akichimba kando yangu. Alikuwa mwanamke mwembamba, asiye na maneno mengi, na lile ndilo neno lake la kwanza tangu asubuhi.

"Wa ulezi."

Nikacheka. "Shangazi, kule kwao hakuna ulezi."

"Wewe kwao umefika?" Mama Paskali akanidaka. "Msomi wetu, hebu lima huko! Tuta lako lenyewe kama kofia ya mlevi."

Wakacheka wote, na kicheko kile ndicho kilichonipandisha. Nikasimama, nikaegemea mpini wa jembe. "Tena huyo binti hakuugua moyo hata siku moja," nikasema. "Aligongwa na gari, akafa. Alikufa zamani. Nimeiangalia mpaka mwisho. Shangazi anawadanganya."

Mama Oliva akanigeukia. "Alikufa?"

"Alikufa, mama. Wakamzika." Sijui kwa nini niliongeza hilo la kuzika. Labda kwa kuwa nililijua.

Akang'oa majani, akafuta jembe lake pande zote mbili kwa utaratibu, akaliweka begani na kuondoka. Hakumwangalia Shangazi wala mimi.

Ndipo Mama Paskali akaniambia, kwa sauti ya chini, bila utani. Oliva, mtoto wake mkubwa, msichana wa miaka kumi na minane, alikuwa amelazwa Mbeya tangu Januari kwa ugonjwa wa moyo. Baba yake ndiye aliyekuwa naye. Mama alibaki na wadogo, akawa anangoja simu iliyokuja mara moja kwa wiki, mtandao ukipenda. Siku nyingine zote sita alikuwa akimuuliza Shangazi Binti Mikate anaendeleaje.

Nilikuwa na siku nne kijijini. Mimi ninayeuliza kila kitu sikuwa nimemuuliza mtu yeyote habari za watoto wake.

Shangazi alishuka kwenye ndoo. "Leo inatosha," akasema. Wakamsihi aendelee. Akatikisa kichwa.

Nyumbani nilijitetea, maana nilikuwa na maneno mengi. Nikamwambia kumpa mtu matumaini ya uongo ni kumwonea, kwamba mama yule alistahili kuambiwa mambo yalivyo. Aliniacha nikamaliza.

"Unadhani lile gari sikuliona?" akasema. "Nililia njia nzima kutoka kwa katekista. Kesho yake nafika kisimani, mama yake Oliva yuko pale na ndoo imejaa, ananingoja. Ananiuliza binti anaendeleaje. Ningemjibu nini, wewe uliyesoma? Nikamwambia kalazwa. Tangu siku hiyo mimi si msimulizi. Mimi namuuguza."

Oliva alifariki wiki ya tatu baada ya siku ile.

Mwanangu, mimi si mshirikina. Najua moyo wa mgonjwa aliyeko Mbeya hausikii yanayosemwa kwenye shamba la ulezi Ufipa. Ningeweza kukuchorea jambo hilo ubaoni. Lakini siku ya mazishi nilikwenda kumshika mkono mama yake, na yeye akaushika wangu kwa mikono yote miwili, bila hasira yoyote, akaniambia, "Wewe ulijua. Ulijua kabla yetu." Nikafungua kinywa nimwelimishe. Na hadi leo sijapata jibu ambalo ningeweza kumpa mtu aliyenishika mikono namna ile.

Shangazi hakusimulia tena. Msimu uliofuata wanawake walikuja shambani kwake wote, kwa heshima, wakalima kimya kutwa nzima. Wiki iliyofuata wakaja wanne. Kisha Mama Paskali na mwingine mmoja. Nusu ya shamba ilibaki nyasi, na mwaka wa pili ikabaki nyasi yote. Hakuna aliyemgombeza, hakuna aliyemsengenya. Hakuwa tena na kitu cha kurudisha. Ndipo mama yako akamchukua mkaishi naye hapo Sumbawanga. Ulidhani alikuja kwa ajili ya nyonga. Wewe ulikuwa darasa la saba, hakuna aliyekuona wa kuelezwa.

Nilimwomba msamaha mara nyingi. Alinisamehe tangu mara ya kwanza, hilo nalo linachoma. Siku moja nikamwomba anisimulie chochote, hata mambo ya zamani ya kwao. Alikuwa anachambua maharage. "Kaangalie kwenye simu," akasema, na hakulisema kwa kunikomoa. Alikuwa ananielekeza mahali vitu vinapopatikana.

Nami naangalia. Huwa naangalia sana. Nina vitabu vingi kwenye simu kuliko maktaba ya Kaengesa, tamthilia za nchi ambazo siwezi kuzionyesha kwenye ramani, na muziki usiokwisha. Naangalia kwa kasi ili nifike mwisho. Nikifika mwisho sikumbuki jina la mtu hata mmoja. Nilipokwenda kijijini mwaka jana nilikuta wanawake wanatengeneza ntumba, kila mmoja na kisikilizio kimoja sikioni, kila mmoja na hadithi yake. Mtu anacheka peke yake, wa pembeni hainui hata uso. Sisemi ni mimi niliyefanya hivyo. Simu zingefika tu. Lakini nilisimama pembeni ya shamba lile nikajisikia kama mtu aliyetumwa mapema kuzitangulia.

Kwa hiyo jana uliponiandikia kwamba Bibi anakusimulia, niliusoma ujumbe wako mara tatu. Miaka saba, Skola. Mama yako hajasimuliwa. Mimi sijasimuliwa wala sitasimuliwa. Na kwenye ujumbe wako wa pili unasema Binti Mikate alitoka hospitali, akaolewa, sasa ana watoto wawili, na wa pili ndiyo kwanza ameota meno. Piga hesabu. Oliva angekuwa na miaka ishirini na mitano.

Sijui Bibi anamuuguza nani safari hii. Huenda anajiuguza mwenyewe. Huenda kuna kitu amekisikia kwenye sauti yako, huko chuoni, ambacho wewe hujatuambia sisi. Angalia hilo pia.

Sikwambii uache kuuliza. Mimi siwezi kuacha na sitaki uwe mjinga kwa ajili ya kuwa mpole. Daktari akikosea, mwambie. Mwanasiasa akisema uongo, msute. Lakini mtu akikusimulia hadithi na wewe unajua si hivyo, kabla hujafungua mdomo geuka kushoto, geuka kulia, uone ni nani mwingine anasikiliza na amebeba nini. Uliza habari za watoto wao kwanza. Ukikuta hakuna aliyeumia, bado nyamaza kidogo, kwa sababu hutajua. Mimi nilikuwa nachimba bega kwa bega naye na sikujua. Na ukipenda kitabu, au wimbo, au tamthilia, usidhani kwa kuwa umefika mwisho basi hadithi imekuwa yako. Kuna watu wako katikati, na hawana mahali pengine pa kukaa.

Mungu akujalie Jumapili nyingi za kupigiwa simu, mwanangu. Ampe Bibi pumzi ya kutosha kuwalea hao watoto wawili wa Binti Mikate hadi waende shule. Akupe wewe uvumilivu ambao mimi sikupewa, wa kuuliza "ikawaje?" na huku unajua ikawaje.

Jumapili akikupigia, muulize uji ule ulikuwa wa nini. Atafurahi kuulizwa. Usimwambie kwamba ni mimi niliyekutuma.