Mwezekaji Asiyepanda Paa Jiko Likiwaka

Saa tatu asubuhi, mtaa wa Kuze. Fondo wa Chirau amesimama chini ya paa lililofunuliwa, mikono nyuma, wala hapandi. Punda wawili wanangoja uchochoroni na mizigo ya makuti ambayo amekataa ishushwe.

"Kwanza jiko liondoke."

Hatua tatu kutoka hapo, Bi Afaf, jirani, anapika vitumbua nje.

"Wataka nipike wapi, yakhe? Ndani ni tanuri!"

"Leo tu, Bi Afaf. Kesho nitakuwa nimekwisha."

"Tangu lini mwezekaji akawa mwenye mtaa?"

Fondo hacheki. Ana umri wa miaka arobaini na mitano, na ameezeka mapaa ya Mvita kwa miaka ishirini na miwili. Machi ya mwaka jana, 1908, alirundika makuti mia nne makavu uchochoroni, kama ilivyo desturi, karibu na mahali alipokuwa akipika jirani mwingine. Upepo wa kaskazi ulirusha cheche. Nyumba tisa ziliteketea kabla ya adhuhuri. Hakufa mtu. Hata hivyo, wenyeji waliuita Moto wa Fondo, na tangu siku hiyo ameitwa kwenye mapaa manne tu. Hili ndilo la nne.

"Likiungua hili, nitarudi kwetu Rabai nikalime," anamwambia Bi Afaf.

Wengi huulaumu upepo. Fondo hakubali. Kwa maelezo yake, joto la kaskazi huwatoa wapishi nje, na miezi iyo hiyo wenye nyumba huezeka ili kuwahi masika.

"Makuti na moto twavikutanisha sisi wenyewe."

Hatimaye Bi Afaf analibeba jiko lake kwa kitambaa. "Haya, naingia! Lakini vitumbua hivi huvionji!"

Makuti yanashushwa thelathini thelathini. Yaliyosalia yanabaki juu ya punda.

Kuanzia mwaka huu Fondo anakusudia kuezeka wakati wa demani, msimu wa upepo mpole kabla ya vuli, majiko yakiwa bado ndani. Anamweleza hayo Bi Zubeida, mwenye nyumba, aliyeegemea dirisha.

"Babu yangu aliezeka kaskazi," anajibu Bi Zubeida, "na baba yangu vilevile."

"Nao wote wawili waliunguliwa, Bi."

Bi Zubeida anageuza uso kuelekea jikoni, nyuma ya nyumba.

"Paa la jikoni limebaki," anasema. "Njoo demani."

Fondo anaweka mguu kwenye ngazi.