Chumvi ya Samaki wa Zongwe

Nina hasira mpaka leo, na wa kukasirikiwa ni mimi mwenyewe. Shemeji yangu wa Lubumbashi, mwenye samaki wa baharini kwenye akwariamu, aliniambia: “Bila chumvi nzuri, wanakufa.” Mimi, mwalimu wa kemia, nishindwe na chumvi? Nikachagua ile nyeupe kabisa sokoni kwa Mama Vero, nikapima, nikakoroga kwenye tangi la samaki niliokuwa nimeanza kufuga nyumbani. Asubuhi samaki wangu wote walikuwa wanaelea, tumbo juu.

Nikawabeba kwa ndoo mpaka sokoni, nikifoka: “Mama, chumvi yako ni sumu!”

Mama Vero akachungulia. “Hawa ulitoa wapi, Papa Prof?”

“Zongwe, hapa hapa ziwani!”

Mama Vero akainua kichwa kutoka kwenye ndoo.

“Papa Prof, maji ya hili ziwa unakunywa tangu mutoto. Siku gani ulisikia mule ndani chumvi?”