Sato Chini ya Perege

Kabla ya kugusa kazi ya mwenzake, msanifu vitabu yule wa Butimba hunawa mikono kwa sabuni, kisha hukigeuza kitabu kichwa chini. Husema maneno yakisomeka humpumbaza macho. Siku hiyo Mehreen, msanifu mwenzake, alikuwa amemletea nakala ya majaribio ya kamusi ndogo ya Kiswahili cha watu wa ziwani, kazi ya miezi minane, na kesho yake ilikuwa iende kwa mchapaji. Mehreen alimtazama akipitisha ukucha wa kidole gumba pembezoni mwa kila ukurasa, polepole, akiguna kama daktari anayesikiliza kifua cha mgonjwa. Kwenye ukurasa wa kumi na mbili, ukucha ukasimama. Ndipo akakigeuza kitabu sawa.

"Dada Mehreen, jana mchana ulikula nini?"

"Sato, kaka. Kwa ugali."

"Na perege, umewahi kumla?"

Mehreen akacheka. Perege ndiye sato huyo huyo, ila kwa jina la shuleni. Nani amewahi kulisikia mwaloni, samaki wanakoshushwa? Mwenzake hakucheka. Alimwonyesha ukurasa. Perege lilikaa juu kwa herufi nene, sato chini yake, dogo, kwa herufi za mlazo. Kila ukurasa ulikuwa hivyo: neno la shuleni juu, la ziwani chini.

"Mgeni umempa kiti," alisema kwa sauti ndogo, "wenye nyumba umewakalisha sakafuni."

Mehreen alitoa simu ampigie mchapaji asubiri. Miezi minane alikuwa akizisoma kurasa zile. Huyu alikuwa ameliona kosa kabla hajasoma neno hata moja.