Kopo Lililoshonewa Nguo

Shangazi yangu haachi kitu uchi. Cherehani ina nguo yake, redio ina yake, na chupa ya chai ina yake ya maua yenye lastiki pindoni. Yeye ni fundi nguo. Kwa miaka kumi na tisa ameshonea katika chumba cha chini ya nyumba yetu, kilichochimbwa mlimani, ukuta wa nyuma mwamba mtupu. Baridi ikizidi huziba nyufa za dirisha kwa vipande vya kitambaa. Kwa hiyo mwalimu wa sayansi alipotugawia makopo ya kupimia radoni, nilimfikiria yeye kwanza.

Radoni ni gesi. Hutoka mwambani, hujikusanya vyumba vya chini, na ukiivuta miaka mingi inaweza kukuletea saratani ya mapafu.

"Haionekani wala hainuki?" shangazi alicheka, pini mdomoni. "Basi ina adabu kukushinda wewe."

"Sitanii, shangazi. Ikizidi kiwango itabidi uhame humu."

Pini zikatoka mdomoni. "Nihamie wapi? Sebuleni kwa mama yako? Wifi yangu yule, kila uzi ukidondoka ataniita!"

Nililifungua kopo, nikaliweka rafuni. Nikamwambia asilisogeze wala asifungue dirisha kwa wiki nzima. Sikumwambia asilivishe.

Siku ya kulichukua nilikuta limevaa nguo, tena ya kitambaa kisichopitisha hewa kilichobaki kwenye koti la mvua, limebanwa lastiki mpaka chini.

"Tangu lini limevaa hivi?"

"Tangu siku ile ile. Vumbi la vitambaa lingelimaliza. Halijapendeza?"

Lilikuwa limependeza, ndiyo shida yenyewe. Nilicheka, nikalivua, nikampelekea mwalimu bila kumtajia ile nguo. Sijui kwa nini. Labda kwa sababu shangazi alikuwa ametabasamu.

Majibu yakaja: namba ya chini kuliko zote darasani. Shangazi aliibandika karatasi ukutani kwa pini nne, na kila mteja alisomewa kabla hajapimwa kiuno. "Mapafu ya msichana haya!"

Mimi sasa sikutulia. Darasani nilichora makopo pembezoni mwa daftari. Nyumbani nilishuka ngazi, nikapanda, nikashuka tena. Shangazi akikohoa, nilihesabu. Mama akaniuliza kama nimekalia siafu.

Siku ya nne nilisimama mlangoni, nikasema yote kwa pumzi moja: kopo lilipaswa kupumua, nguo ililiziba, karatasi ile ni ya uongo, na mimi nilijua.

Cherehani ikanyamaza.

"Ulijua, ukaniacha nijisifu mbele za watu?"

"Nisamehe, shangazi."

Alizitoa pini moja moja, akaikunja karatasi. "Lete jingine."

Kopo la pili lilikaa rafuni uchi wiki nzima. Nilimwona mara mbili akilinyooshea mkono kisha akaurudisha kwapani, kama mtu aliyekatazwa kujikuna.

Namba ilikuwa mara tatu ya kiwango. Shangazi alitaka nimsomee mara mbili. Mwalimu alikuwa amesema feni na bomba la kuivuta gesi kutoka chini ya sakafu vitasaidia, lakini fundi wa kuvifunga angefika baada ya mwezi.

 Shangazi akaivisha cherehani nguo yake, akakaza lastiki.

"Shika upande huo, mwanafunzi. Na ukifika juu, wewe ndiye utakayemwambia mama yako kuhusu nyuzi."